Mpime Mtoto kwa Ndugu Yake

Iringa hulisha mikoa mingine kwa mahindi na viazi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wake walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kwa nchi nzima ni asilimia 30. Ghala limejaa, mtoto hakui. Inabidi tuangalie sahani, tena sahani ya kila mtoto, maana ndugu wawili wa nyumba moja huenda hawali sawa.

Ugumu ni kwamba nyumba zenyewe hazifanani. Ya Tukuyu ina ndizi na maziwa. Ya Kilolo ina ugali na maharage. Tofauti hizo kubwa humeza ile ndogo iliyopo kati ya watoto. Ndiyo maana tunawalinganisha ndugu kwa ndugu: ghala lao moja, jiko moja.

Chukua mfano niliotunga wa nyumba 8, tukihesabu makundi ya vyakula aliyokula kila mtoto jana. Wadogo: 7, 3, 4, 6, 4, 5, 4, 6. Kaka na dada zao, kwa mpangilio uleule: 6, 3, 2, 5, 3, 6, 2, 4. Toa nyumba kwa nyumba. Wastani wa tofauti ni 1. Mchepuko sanifu wa tofauti hizo, 1.07, ugawe kwa kipeuo cha pili cha 8, upate 0.378. Gawa 1 kwa 0.378: ni 2.65. Kizingiti cha jozi 8, kwa hatari ya kukosea ya asilimia 5, ni 2.365. Tumekivuka.

Sasa vunja jozi, uwafanye makundi mawili yasiyojuana. Namba zilezile zinatoa 1.33, na ingawa kizingiti kinashuka hadi 2.145, hatukifikii. Mtafiti ataandika kwamba watoto wanakula sawa, na atakuwa amepotosha.

Kanuni hii ilitoka kwa William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, mwaka 1908. Lakini haisemi sababu. Huenda mkubwa yuko shuleni mchana, na mama hajui alichokula huko. Muulize mtoto mwenyewe.

Ninyi mnaopita na madodoso Mufindi na Rungwe, andikeni namba ya kaya kwa kila mtoto. Ikikosekana, jozi haiwezi kurudishwa.