Meza ya Wawili au Meza ya Wengi: Mlo wa Jioni Katika Meli za Utalii

Abiria wa meli ya utalii ana chumba chake cha kulala, lakini chakula cha jioni hukila ukumbini pamoja na mamia ya watu. Atakaa na nani mezani ni jambo linaloamuliwa mapema, mara nyingi siku ile ile ya kulipia safari, kwa swali dogo tu: meza ya watu wawili, wanne, sita au wanane? Wanandoa wengi hulijibu bila kufikiri. Lakini mlo wa jioni baharini huletwa kwa awamu, kuanzia kianzio, supu au saladi, kisha chakula chenyewe na kitindamlo, nao huchukua saa moja na nusu au zaidi. Kwa safari ya siku 7, hizo ni zaidi ya saa 10 za kutazamana na yeyote aliyepangwa kiti cha mbele.

Mpango wa zamani, ambao kampuni nyingi zinaendelea kuutoa, ni wa zamu mbili. Zamu ya kwanza huanza karibu saa 12 jioni, na ya pili karibu saa 2 na nusu usiku. Abiria hupewa namba ya meza, na jioni zote hurudi pale pale, kwa wenzake wale wale na wahudumu wale wale. Sababu yake kuu ni nafasi: ukumbi hauwezi kuketisha abiria wote kwa wakati mmoja. Jiko nalo hupata nafuu likijua mapema ni watu wangapi watakula na saa ngapi. Hata maonyesho ya muziki na tamthilia hupangwa kwa kufuata zamu hizo, wa zamu ya kwanza wakitazama baada ya kula na wa zamu ya pili wakitazama kabla.

Kula na wageni ndiyo iliyokuwa desturi tangu meli za mvuke zilipoanza kuvuka Atlantiki kwa ratiba. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens alipopanda meli ya Britannia ya kampuni ya Cunard mwezi Januari 1842, alikuta chumba chembamba chenye meza ndefu, na juu yake rafu za bilauri zikining'inia kutoka darini. Hakupendezwa nacho hata kidogo. Kadiri miaka ilivyopita kumbi zilipanuka, viti vya kuzunguka vikafungwa kwa skrubu sakafuni visiteleze bahari inapochafuka, na meza zikawekewa kingo za kuzuia sahani. Hata hivyo meza ndefu ziliendelea kutumika, na abiria hakuchagua jirani; alipangiwa na maofisa wa meli. Kualikwa kwenye meza ya nahodha kulikuwa heshima iliyozungumzwa melini kwa siku kadhaa.

Faragha ya mezani iliingia baharini kama bidhaa ya matajiri. Mwaka 1905 kampuni ya Hamburg-Amerika, chini ya Albert Ballin, ilizindua meli ya Amerika ikiwa na mgahawa wa mtindo wa hoteli za Ritz-Carlton. Humo kulikuwa na meza ndogo, na abiria aliyekubali kulipa zaidi alikula saa aitakayo, pamoja na watu aliowachagua mwenyewe. Titanic ilifuata mtindo huo mwaka 1912, mgahawa wake ukiendeshwa na Mwitalia Luigi Gatti. Jioni ya tarehe 14 Aprili nahodha Edward Smith alikuwa mgeni wa heshima humo, katika karamu ya familia ya Widener kutoka Philadelphia. Saa chache baadaye meli iligonga siwa barafu. Abiria wa daraja la tatu, deki kadhaa chini, walikuwa na meza ndefu za kushirikiana. Mgawanyo wa madaraja haukuwa wa Atlantiki peke yake. Kenya na Uganda, meli za kampuni ya British India zilizoanza kazi mwaka 1951 na 1952 kati ya London na bandari za Afrika Mashariki, nazo zilikuwa na madaraja mawili, na tiketi ya mtu ndiyo iliyoamua atakula na watu gani.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2000, pale Norwegian Cruise Line ilipoacha zamu na meza za kudumu na kuanzisha mpango ilioupa jina la Freestyle. Abiria alikwenda mgahawa autakao, saa aitakayo, na mtu amtakaye. Wapinzani wake hawakukaa kimya kwa muda mrefu: katika miaka iliyofuata Princess, Holland America, Royal Caribbean, Celebrity na Carnival zote zilianza kutoa mpango huria kando ya ule wa zamu. Disney, ambayo meli yake ya kwanza ilianza safari mwaka 1998, ilikuwa imeshika njia yake yenyewe: familia huhama mgahawa mmoja hadi mwingine kila jioni, na wahudumu wao huhama nao.

Katika mpango huria, jambo zima huamuliwa mlangoni kwa maneno machache. Mhudumu mwenye orodha huuliza, "Mko wangapi?" Wakijibu wawili, hufuata swali la pili: "Mngependa kukaa na wengine?" Wanaokubali huingizwa mara moja, kwa kuwa karibu kila mara kuna meza ya sita au ya wanane yenye viti vitupu. Wanaotaka meza yao peke yao huenda wakaambiwa wasubiri, hasa kati ya saa 1 na saa 2 usiku wakati foleni ni ndefu. Meza za wawili hazitoshi, na ubahili si sababu. Meza hizo hula nafasi: meza nne za wawili, pamoja na njia za kupitia wahudumu, zinahitaji sakafu kubwa kuliko meza moja ya mviringo ya watu wanane.

Ndiyo maana meza hizo hubanwa. Katika meli nyingi hupangwa kwa safu ukutani au dirishani, na kati ya moja na nyingine hubaki upana wa kiganja au viwili. Mume akimnong'oneza mkewe jambo, jirani amelisikia. Mke akiletewa kamba, jirani huinama kuuliza kama ni watamu. Baada ya jioni mbili watu wa meza hizo huwa wanasalimiana kwa majina. Anayeomba meza ya wawili kwa ajili ya faragha na ajue, basi, kwamba faragha kamili haipo ukumbini. Inapatikana katika migahawa midogo ya kulipia ada ya ziada, au chumbani penye roshani, ambako kampuni nyingi hupeleka chakula kwa anayeagiza.

Si kila anayetaka kula na mwenza wake tu ana kiburi. Wapo wanaosherehekea fungate au miaka ya ndoa. Wapo waliotoka kwenye nyumba yenye watoto wadogo, na mazungumzo ya utulivu ndiyo kitu walichokikosa mwaka mzima. Wapo wenye usikivu hafifu, ambao kelele za meza ya wanane huwageuza watazamaji. Na wapo wanaoona haya kuzungumza Kiingereza na wageni jioni nzima. Hizo zote ni sababu za haki, na hazihitaji kuombewa radhi.

Pamoja na hayo, meza ya kushirikiana inastahili kutetewa, kwa sababu imeanza kudharauliwa. Wanandoa wanaokaa pamoja kutwa nzima, chumbani, dekini na matembezini, hufika siku ya nne wakiwa wameshaambiana kila kitu. Mezani kwa wengine hupata habari mpya: mwalimu mstaafu kutoka Uskoti anaeleza bandari ya kesho aliyowahi kuitembelea, wakulima kutoka Kanada wanaeleza mavuno yao, na mume hushangaa kumsikia mkewe akisimulia kisa ambacho yeye hajawahi kukisikia. Kwa anayesafiri peke yake au mjane, meza hiyo ndiyo inayoifanya safari ivumilike. Mtu wa mwambao, aliyelelewa kula sinia moja na watu aliokutana nao shughulini siku hiyo hiyo, ataiona meza ya kushirikiana kuwa jambo la kawaida kabisa.

Ukubwa wa meza una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Meza ya wanne ni ya bahati nasibu, kwani wanandoa wengine wawili wakiwa wakimya au wasumbufu hakuna pa kukimbilia. Meza ya wanane au kumi hugawanyika, na mtu huishia kuzungumza na wa kulia na wa kushoto tu. Meza ya sita ndiyo bora: watu wanatosha kuendeleza mazungumzo, na wote wanasikilizana.

Meza ya kudumu ina adabu zake. Awamu za chakula huletwa kwa wote pamoja, kwa hiyo anayechelewa huwachelewesha wenzake wote. Anayejua hatakuja kesho huwaaga wenzake na kumwambia mhudumu. Siasa za nchi za watu huachwa nje, hasa jioni za mwanzo. Waislamu wanaohitaji chakula halali huandika ombi lao wiki kadhaa kabla ya safari, kwa kuwa si kila meli hubeba nyama hiyo, na wajue kwamba mvinyo utakuwapo mezani kwa majirani.

Janga la korona liliongeza hamu ya kukaa mbali. Mwezi Februari 2020 meli ya Diamond Princess, yenye watu 3,711, iliwekwa karantini Yokohama, na zaidi ya 700 kati yao waliambukizwa. Meli za utalii zilipoanza tena kazi, kampuni kadhaa ziliacha kwanza kuwakalisha wageni meza moja. Meza za pamoja zimerudi sasa, ingawa si kwa wingi wa zamani katika kila meli.

Wanandoa wanaojiandaa kwa safari waandike ombi la meza siku ya kuweka nafasi, kisha wamwone mkuu wa ukumbi mchana wa siku ya kwanza, kabla meli haijang'oa nanga. Wakipangiwa meza isiyowafaa, wamwendee tena asubuhi ya siku ya pili na kumweleza kwa upole. Kuhamisha watu ni sehemu ya kazi yake, na wenzao wa mezani hawaambiwi sababu. Wanaosita kati ya meza ya wawili na meza ya kushirikiana wachague mpango huria, wakae na wengine jioni tatu au nne, na zilizobaki wakae wawili.