Habari ya Redio Kabla Haijafika Majamvini

Wanachama wenzangu,

Tangu Sauti ya Unguja ilipoanza kusikika mwaka 1951, redio imekuwa mwenzetu majamvini. Twachambua karafuu nayo ikisema; ikinyamaza, kazi twaiona nzito. Lakini ni wachache kati yetu wajuao maneno yale hutoka wapi na hupita mikono mingapi kabla hayajatufikia. Mimi nalikuwa katika wasiojua, na ujinga wangu ulileta hasara.

Msimu uliopita mwandishi mmoja alinipigia simu kuniuliza hali ya mavuno. Nikamjibu kwa haraka kwamba mvua imeharibu karafuu za upande wetu wote. Kwa hakika nililokuwa nimeliona ni jamvi langu na la jirani yangu. Maneno yakatangazwa kama nilivyoyasema. Wachumaji waliokuwa waje kwetu wakaenda kwingine, na mwanachama mmoja, mama mjane, mikarafuu yake ikachanua asipate wa kuichuma. Nanyi mwajua, karafuu ikishachanua haina thamani tena. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baadaye nalisafiri kwenda Mwanza kumtazama shemeji yangu, akaaye Buhongwa, kusini ya mji, kando ya barabara iendayo Shinyanga. Mpangaji mwenziwe ni mwandishi wa redio ya umma. Nikamwomba nifuatane naye siku moja.

Kazi yao huanza kwa kikao cha asubuhi. Kila mwandishi hutoa wazo lake, na mhariri huuliza: jambo hili lamgusa nani? Ni jipya? Nani awezaye kulieleza kwa kulijua? Siku ile mwenyeji wangu alisema dagaa wamepanda bei soko la Buhongwa, na watu wanasema wachuuzi wameficha mali. Mhariri akamwuliza, “Watu hao ni nani?”

Basi tukaenda sokoni. Akawauliza wanunuzi wawili, kisha wachuuzi watatu, kila mmoja peke yake, akizinasa sauti zao. Akanasa na kelele za soko, ili msikilizaji ajione yupo pale. Alitaka kujua sado moja iliuzwa kiasi gani wiki iliyopita, na kiasi gani sasa. Kisha tukateremka ufukweni kwa wavuvi, na huko tukapata kiini cha jambo. Ulikuwa wakati wa mwezi mkubwa. Dagaa wa ziwa, kama wa kwetu pwani, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka vyombo hupumzika, na dagaa huadimika. Ofisa wa uvuvi naye akathibitisha. Hapakuwa na aliyeficha kitu. Lau yangalitangazwa yale ya asubuhi, wachuuzi wale, wengi wao kina mama, wangaliitwa walanguzi mji mzima.

Jioni nikamwona akisikiliza yote aliyoyanasa, akachagua vipande vichache, kila kimoja cha sekunde chache tu. Akaandika kwa sentensi fupi fupi, kwani msomaji aweza kurudia mstari, lakini msikilizaji hawezi. Mhariri akafuta, akauliza, akarudisha. Habari iliyotuchukua siku nzima haikutimia dakika tatu hewani.

Nikamwuliza, mbona nyakati nyingine redio husema hili leo na lile kesho? Akanikumbusha kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba, 2018. Usiku wa kwanza ilitangazwa kwamba waliokufa ni 44; siku zilizofuata idadi ikapita 200. Waliotangaza mwanzo hawakusema uongo. Hiyo ndiyo hesabu iliyokuwapo hadi saa ile. Ndiyo sababu mwandishi hodari hutaja nani aliyetoa hesabu na lini. Sisi tuliopotewa na ndugu katika Spice Islander mwaka 2011 twajua uzito wa kungoja hesabu kama hiyo redioni.

Nikakumbuka chuoni, maalim alipotufundisha kwamba hadithi hupimwa kwa wapokezi wake, fulani kapokea kwa nani, na huyo naye kwa nani. Kumbe na hawa kipimo chao ni hicho hicho.

Basi nawaombeni mambo matatu. Mwandishi akija kwetu, tumtengee tuliyoyaona kwa macho na tuliyoyasikia kwa watu. Tutaje kipimo: ni kilo au pishi, karafuu mbichi au kavu. Na tusipojua, tuseme hatujui, tumwelekeze kwa ajuaye. Kusema “sijui” hakumshushi mtu.

Mimi nimekwisha kufungua daftari ofisini. Kila Ijumaa mwenye shamba alete hali ya shamba lake: mikarafuu iliyo tayari, wachumaji alio nao, na karafuu alizoanika. Redio ikiuliza, nitasoma yaliyomo humo, wala sitaongeza neno. Jina la kwanza daftarini ni la yule mama.

Wenu,
Katibu