Soko Likifungwa kwa Ajili ya Ugonjwa, Kodi ya Duka Je?



Ni miaka kadhaa sasa tangu Korona, lakini swali hili bado tunaulizwa tukitembelea vikundi. Mama mmoja mshonaji alitueleza hivi: "Soko letu lilifungwa mwaka wa 2020, nikakaa nyumbani miezi mitatu. Kurudi, mwenye duka ametia kufuli lake juu ya langu, na cherehani iko ndani. Hiyo ni haki?"

Si haki, na sheria haikumruhusu kufanya hivyo. Shida ni kwamba mama hakujua.

Kwanza tuelewane. Mwaka ule wa 2020 kafyu ilianza tarehe 27 Machi, na masoko mengi yakafungwa. Lakini hakuna sheria iliyopitishwa nchini ya kusimamisha kodi. Wenye nyumba walisihiwa tu wawe na huruma, na wengine walikuwa nayo. Kwa hiyo mpangaji alibaki na sheria zile za zamani, ambazo mpaka leo wengi wetu hatuzifahamu.

Kwa wenye maduka na hoteli ndogo iko Sheria Sura ya 301, ya tangu 1965. Hata kama hamkuandikiana, inakulinda. Mkiandikiana kwa muda usiozidi miaka mitano, vilevile inakulinda. Mwenye duka akitaka utoke, au akitaka kuongeza kodi, ni lazima akupe notisi kwa fomu ya sheria, aseme sababu, na ipite miezi miwili au zaidi. Hapa ndipo watu hupotea: wanapokea karatasi na kuiweka chini ya godoro. Usifanye hivyo! Mjibu kwa maandishi kabla ya mwezi kwisha kama unakubali au hukubali. Usipokubali, peleka shauri kwenye tribunali ya kodi za biashara kabla ya tarehe ya kutoka kufika. Ukishapeleka, unaendelea kukaa kwa masharti yaleyale hadi shauri liamuliwe. Ukinyamaza, notisi inafanya kazi. Tena ujue kwamba kodi ikikaa miezi miwili bila kulipwa, hiyo yenyewe ni sababu ya kukutoa.

Nyumba ya kulala ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi ina sheria yake, Sura ya 296. Hapo pia mwenye nyumba hakutoi bila amri.

Sasa kuna pengo. Kibanda ulichokodi kutoka kwa kaunti hakilindwi na Sura ya 301, kwa kuwa sheria yenyewe imeacha nje upangaji wa serikali. Kumbe kaunti yaweza kulifunga soko kwa sababu ya ugonjwa, na papo hapo ikakudai kodi ya kibanda. Kwa jambo hili tribunali haitakusaidia. Ni vikundi viandike barua pamoja, vimwone mwakilishi wa wadi, na kuuliza mapema: ugonjwa ukija tena na soko likafungwa, kodi ya miezi hiyo itakuwaje? Mimi naona ni afadhali kuuliza wakati huu masoko yako wazi.

Serikali ya mtaa yaweza kufanya zaidi. Huko Marekani, mji wa Los Angeles ulizuia mwaka wa 2020 kuwafukuza wapangaji waliokosa kodi kwa sababu ya Korona, na kinga hiyo ikaendelea hadi mwisho wa Januari 2023. Lakini deni halikufutwa. Kodi ya Machi 2020 hadi Septemba 2021 ilitakiwa iwe imelipwa kufikia tarehe 1 Agosti 2023. Walichopewa ni muda. Kwa hiyo hata ukihurumiwa, andikianeni ni kiasi gani na kitalipwa lini, na weka risiti zote.

Yule mama tulikwenda naye kwa chifu, mwenye duka akaitwa, na kufuli likatolewa siku hiyo. Kodi ya ile miezi mitatu aliilipa kidogo kidogo, kila siku ya soko.