Kabla ya Kununua Kiwanja: Ni Nani wa Kumwomba Shauri?

Nabii Yeremia alinunua shamba akiwa kizuizini, huku majeshi ya Babeli yameuzingira mji wa Yerusalemu. Muuzaji alikuwa Hanameli, mwana wa ami yake. Walikuwa ndugu wa damu. Hata hivyo Yeremia alipima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaitia muhuri na kuwaita mashahidi (Yer 32). Undugu haukuifuta hati. Habari hiyo inatugusa sisi wa Tanzania, ambako kiwanja ndiyo akiba ya kijana aliyeanza kazi, na ya mjane aliyepokea mafao ya mumewe.

Wengi wetu huanza kwa kumwamini mtu kabla ya kuichunguza ardhi. Twasema, "Ni mwanajumuiya mwenzetu," au, "Ni mwanakwaya." Huenda mwenzetu huyo ni mkweli kabisa, ila naye aliuziwa na mtu asiye mwenye mali. Wema wake hautakurudishia fedha yako.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Kinachouzwa, basi, ni haki ya kuitumia kwa masharti. Na mwenye hatimiliki hupewa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: muuzaji ana haki gani hasa? Kiwanja kilichopimwa kina namba, kitalu na mawe ya mipaka, nacho huonekana katika ramani iliyoidhinishwa. Vingi vinavyotangazwa pembezoni mwa miji ni shamba lililokatwa vipande kwa hatua za miguu. Bei yake ni ndogo kwa sababu gharama ya upimaji, pamoja na hatari ya kukuta barabara imepangwa kupita hapo, ameachiwa mnunuzi. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa huonesha kwamba mlifika mbele yake, hauthibitishi umiliki. Na kama ardhi ni ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji sharti ihusishwe.

Ukioneshwa hatimiliki, omba nakala, ukafanye upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Huko utajua jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Ulizia pia deni la pango la ardhi. Muuzaji akiwa na mwenzi wa ndoa, taka ridhaa ya mwenzi huyo kwa maandishi, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa hiyo. Muuzaji mkweli haoni haya kuombwa hayo yote. Anayekuharakisha kwamba jioni anakuja mteja mwingine, mwache amuuzie huyo mteja.

Sasa, nani wa kumwomba shauri? Dalali hulipwa biashara ikifanyika. Hilo si kosa, ni kazi yake; lakini usimuulize yeye kama ununue. Vivyo hivyo wakili aliyeletwa na muuzaji ni wakili wa muuzaji. Tafuta wako, umlipe mwenyewe, na uhakikishe katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kwamba ana leseni hai. Mthamini naye awe amesajiliwa na bodi yake. Malipo haya humwumiza mwenye akiba ndogo, nakiri. Lakini ni huyohuyo asiyeweza kustahimili kupoteza yote.

Mshauri mwema wakati mwingine atakuambia usinunue bado. Kiwanja hakigeuki fedha kwa siku moja. Aliyeweka humo ada ya shule na fedha ya matibabu, mgonjwa akilazwa, atakiuza kwa bei ya kutupa. Nao wanaochanga ili wanunue pamoja, waandike fungu la kila mmoja kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.

Hati za Yeremia alikabidhiwa Baruku aziweke katika chombo cha udongo, zipate kudumu siku nyingi. Nasi tutunze mkataba, risiti na hati mahali pamoja, mwenzi na watoto wakubwa wakipafahamu. Kuna familia zilizoambiwa habari za kiwanja cha marehemu na jirani, baada ya arobaini.