"Mbona Jibu Limekuwa Kubwa?"

Binti wa kaka yangu anasomea ualimu wa shule ya msingi. Likizo iliyopita alikuja kukaa nasi kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na jioni moja akaniomba ajaribu somo lake kwa wanangu. Alikuwa amepangiwa kugawanya sehemu. Tulipokwisha kutoa vyombo mezani, alibandika karatasi ukutani akaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: 1¾ ÷ ½.

Alieleza vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Moja na robo tatu tunaibadili iwe robo saba. Nusu tunaipindua, kichwa chini miguu juu, na alama ya kugawanya inakuwa ya kuzidisha. Jibu ni tatu na nusu.

Mwanangu wa darasa la sita akanyosha mkono. "Dada, si tumegawanya? Mbona jibu limekuwa kubwa kuliko tulichokigawa?"

"Ndiyo kanuni yenyewe," akajibu.

"Sasa kwa nini tunapindua?"

Yule binti akanitazama. Nami, kwa haraka ya kumwokoa, nikamkemea mtoto aache ubishi na asikilize wakubwa. Usiku, wengine wamekwisha lala, alinifuata jikoni. "Shangazi, umemgombeza mtoto bure. Mimi mwenyewe sijui kwa nini tunapindua. Nimefaulu mitihani yote ya Hisabati chuoni, lakini sijui."

Akina mama wenzangu, maneno yale yalinigusa kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni muuguzi, na nimewasimamia wanafunzi wengi wa uuguzi wodini. Kanuni ya kukokotoa dozi wote wanaikariri: kinachotakiwa, gawa kwa ulicho nacho, zidisha kwa ujazo. Sasa chukua dawa ya maji yenye miligramu 125 katika mililita 5, na mtoto ameandikiwa miligramu 250. Mwanafunzi akiigeuza kanuni kwa bahati mbaya, anapata mililita 2.5, nusu ya kijiko, na anakwenda kumnywesha mtoto bila wasiwasi wowote. Yule anayeelewa hesabu hiyo hahitaji hata kalamu. Kijiko kimoja kina 125, anatakiwa 250, basi ni vijiko viwili. Wote wawili wamesoma chuo kimoja na kanuni ni ile ile, ila mmoja wao ataona kosa lake kabla dawa haijafika mdomoni mwa mtoto.

Je, mwalimu tunamdai kidogo kuliko muuguzi? Mimi nilikuwa nimemdai kidogo. Nilidhani mtu yeyote aliyefika kidato cha nne anaweza kufundisha hesabu za darasa la sita. Zina ugumu gani?

Walimu wa nchi mbili

Baadaye nilisoma habari za kitabu cha mama mmoja, Liping Ma, kilichotoka mwaka 1999. Alipokuwa msichana wa darasa la nane mjini Shanghai, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China, alipelekwa kuishi kijijini milimani, na kiongozi wa kijiji akamwomba awafundishe watoto. Miaka mingi baadaye alikwenda kusoma Marekani, na katika utafiti wake akalinganisha majibu ya walimu 23 wa shule za msingi wa Marekani na 72 wa China. Swali mojawapo lilikuwa hili hili lililobandikwa ukutani kwangu: 1¾ ÷ ½. Walitakiwa walikokotoe, kisha watunge hadithi ya maisha ya kawaida inayolingana nalo.

Wachina wote 72 walipata jibu. Wamarekani waliopata jibu kamili walikuwa 9. Kwenye hadithi mambo yalikuwa mabaya zaidi: walimu 65 wa China walitunga hadithi sahihi, na upande wa Marekani ni mmoja tu. Wengi wao walisimulia habari ya kugawa kitu mafungu mawili, yaani walichanganya kugawa kwa nusu na kugawa kwa mbili.

Tusiwacheke. Kiswahili chetu chenyewe kinatutegea mtego huo huo. Ukimwambia mtoto "gawa kwa nusu", yeye anasikia "nusu kwa nusu", na mkate anaukata katikati!

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba wale Wamarekani walikuwa na miaka 16 hadi 18 ya masomo, na wengi wa Wachina 11 au 12 tu. Ila Wachina walikuwa na desturi ya kukaa pamoja na walimu wenzao, kukisoma kitabu cha mwanafunzi ukurasa kwa ukurasa, na kuulizana mtoto atakwama wapi. Nilimkumbuka mwalimu wangu wa darasa la nne, mmoja wa wale vijana wa UPE waliopewa madarasa baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, wenyewe wametoka darasa la saba. Alitufundisha kutoa kwa vizibo vya soda vilivyofungwa kumi kumi. Hakusema "kopa kwa jirani", alisema "vunja fungu". Mpaka leo naiona ile kamba ikifunguliwa.

Mifuko ya sukari

Basi usiku ule tulitoa sukari kabatini. Tukapima kilo moja na robo tatu kwenye mizani yangu ya keki, na nikamwambia aifunge katika mifuko ya nusu kilo, kama muuza duka. Mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikabaki robo kilo, ambayo ni nusu ya mfuko. Mifuko mitatu na nusu.

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema taratibu, "Kila kilo moja inatoa mifuko miwili. Kumbe ndiyo maana tunazidisha kwa mbili." Hapo aliiona ile nusu iliyopinduliwa. Asubuhi nilimwita mwanangu nikamwomba radhi, na tukamwonyesha mifuko yake.

Wenye mabinti na vijana vyuoni wataona kwamba tunawauliza matokeo tu. Mimi sasa namwomba huyu wangu anisimulie hesabu kwa hadithi ya sokoni au ya jikoni, na akikwama tunatafuta pamoja. Mara mbili amekwama, mara tatu nimekwama mimi.

Wiki ya pili ya mazoezi alinipigia simu. Mkufunzi alikuwa amekaa nyuma ya darasa na daftari lake. Mtoto mmoja alisimama na kusema jibu ni tatu na robo, darasa zima likaanza kumcheka. Zamani, aliniambia, angeandika kosa na kuendelea. Safari hii alimwita mbele aonyeshe kwenye mifuko hiyo robo iko wapi, na mtoto akaionyesha: robo kilo, kweli kabisa. "Ni robo ya kilo," akamwambia, "sasa ni kiasi gani cha mfuko?" Wakabishana darasa zima mpaka kengele ikalia, na ile kanuni ya kupindua hakuifikia siku hiyo.