Gitaa Likivuma Wakati wa Kurekodi: Tafuta Chanzo, Usikate Waya wa Ardhi

Katika mitaa yetu ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Jericho mpaka Kayole na Dandora, vijana wengi siku hizi wanarekodi nyimbo zao chumbani kwa kompyuta. Ni jambo jema, maana saa za studio ni ghali. Lakini gitaa likiunganishwa, mara nyingi unasikia "mmmmm" chini ya wimbo wote. Wengine wakichoka hukata waya wa ardhi kwenye plagi, na kweli mvumo unaweza kupungua. Jamani, hapo tunacheza na kifo.

Mvumo unatoka wapi?

Pikapu ya sumaku (si lile gari!) hubanwa kwenye tundu la gitaa. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara nyingi sana. Nyuzi za chuma zikitetemeka, umeme kidogo unazaliwa kwenye koili hiyo. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazisikiki kwa pikapu hii.

Shida ni kwamba koili haichagui. Stima yetu ya volti 240 hugeuka mizunguko 50 kila sekunde. Tansfoma na choki ya taa ya tyubu hutoa nguvu ya sumaku inayogeuka vivyo hivyo, na koili huipokea pia.

Tufanyeje? Jaribu jambo moja moja:

1. Badilisha waya. Tumia ule wa gitaa, wenye wavu wa shaba ndani, si wa spika.

2. Geuka polepole ukiwa na gitaa. Mvumo ukipungua upande fulani, chanzo kiko karibu nawe. Zima taa ya tyubu, kisha sogea mbali na adapta na amplifaya.

3. Chomoa chaja ya laptop, urekodi kwa betri. Mvumo ukikoma, shida iko upande wa chaja ama ardhi.

4. Amplifaya na kompyuta ziweke kwenye ekstensheni moja. Zikitumia soketi tofauti, nyaya za ardhi zaweza kufanya duara, na duara hilo huleta mvumo.

5. Ukinunua pikapu, ulizia humbaka. Ina koili mbili zinazopingana: mvumo unafutana, sauti ya nyuzi inabaki. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliitengeneza mwaka 1955.

Kwa nini ardhi isikatwe?

Waya wa ardhi, wa kijani na manjano, uko kwenye ule mguu mrefu wa plagi. Stima ikigusa bodi ya amplifaya, waya huo unaipeleka ardhini na fyuzi inakatika. Ukiukata, njia inayobaki ni wewe: mkono kwenye chuma cha gitaa, mdomo kwenye maikrofoni.

Pia soketi yaweza kuwa na matundu matatu na ndani hakuna waya wa ardhi. Ukihisi chuma kinakutekenya, zima kila kitu kwenye swichi, usiguse tena, umwite fundi wa stima mwenye leseni. Wapangaji, mwambieni mwenye nyumba kwa pamoja. Mmoja akisema peke yake huenda asisikilizwe.

Na mvumo ukikataa kabisa, ondoa pikapu, uweke maikrofoni mbele ya gitaa. Mwenda Jean Bosco alirekodiwa hivyo na Hugh Tracey huko Kongo mwaka 1952, na gitaa lake linapendwa hadi leo. Rekodi alfajiri tu, kabla matatu hazijaanza kupiga honi.