Lviv: Jiji la simba lililobadili jina kwa kila mtawala

JIJI la Lviv, magharibi mwa Ukraine, ni miongoni mwa miji mikongwe ya Ulaya ambayo majina yake hufichua masaibu ya wakazi wake.

Lilitajwa kwanza katika maandishi mwaka wa 1256. Mwanzilishi wake, Mfalme Danylo wa Galicia, alilipa jina la mwanawe, Lev, maana yake 'simba'. Ndiposa nembo ya jiji hilo ina mnyama huyo hadi leo.

Mfalme Casimir wa Tatu wa Poland alipoliteka mwaka wa 1349, likawa Lwów. Austria ililitwaa 1772, likaitwa Lemberg. Enzi ya Muungano wa Kisovieti lilijulikana kama Lvov, hadi Ukraine ilipojipatia uhuru mwaka wa 1991.

Hata hivyo, si jina tu lililobadilika. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wanazi waliwaangamiza takribani Wayahudi wote wa jiji hilo, zaidi ya 100,000. Vita vilipoisha, Wapolandi wengi walihamishwa.

Simba ni yule yule. Waliomwita kwa Kipolandi na Kiyidishi ndio walioondoka.